Mtoto Anataka Kobe? Mwache Kobe Shambani, Mpe Mtoto Daftari

Leo naomba tuache kidogo mahindi na viazi. Wakulima vijana zaidi ya mmoja wa hapa Soitsambu wameniuliza swali ambalo kwenye diploma hatukufundishwa kabisa: "Bwana shamba, mtoto wangu anataka kufuga kobe. Au nimwanzishie na kinyonga? Yupi anafaa?"

Sicheki swali hili. Mtoto anayeulizia kobe anaangalia anapokanyaga, na mtoto wa namna hiyo ndiye atakuwa mkulima mzuri kesho. Ila jibu langu najua halitawafurahisha wote. Mimi nasema mnyama mtambaazi wa kwanza wa mtoto wa mkulima huku kwetu awe yule anayeishi shambani akiwa huru. Siyo wa kwenye boksi, siyo wa kufungwa kamba mguuni, na wala siyo wa kununuliwa kwa kijana wa pikipiki aliyemwokota porini. Nipe dakika chache nieleze.

Kwanza sheria, ili tusidanganyane

Kobe unayemkuta kwenye shamba lako si mali yako, hata kama shamba lina hati. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, wanyamapori ni mali ya umma. Kumkamata, kumfuga au kumuuza bila kibali ni kosa. Watu wengi wanadhani sheria hiyo ni ya tembo na faru tu. Hapana. Kobe yumo, chatu yumo, kinyonga yumo.

Kufuga kwa halali kupo. Kuna utaratibu wa bustani, mashamba na ranchi za wanyamapori, na leseni zinapitia TAWA, yaani Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Lakini utaratibu huo umewekwa kwa mtu mwenye eneo, uzio, mtaalamu na kumbukumbu za kila mnyama. Haukuwekwa kwa baba anayetaka mwanawe achangamke jioni.

Huku kwetu, tangu Pololeti itangazwe pori la akiba mwaka 2022, hakuna asiyejua kuwa mambo ya wanyamapori si ya mzaha. Kijana ambaye tayari anahangaika na malisho hana haja ya kuongeza kesi ya kobe juu yake. Na kesi za nyara za serikali zinaweza kufunguliwa kama uhujumu uchumi. Fikiria mwenyewe: mahindi yako yako shambani, mkopo wa kikundi unadaiwa, na wewe uko Arusha mahakamani kwa sababu ya kobe wa mtoto.

Sasa tuwapitie mmoja mmoja

Tuseme sheria haipo kabisa. Je, nani kati yao anafaa kufungiwa na mtoto?

*Kobe mkubwa mwenye mabaka.* Huyu ndiye tunayemkuta sana kwenye majani mafupi na kando ya njia za ng'ombe. Ni mpole, haumi, na ndiyo maana watoto wanampenda. Tatizo lake ni muda. Anaweza kuishi miaka 50, hata zaidi ya 70. Mtoto wako wa darasa la 4 atamaliza shule, ataoa au ataolewa, atapata wajukuu, na kobe bado yupo. Mtoto akienda bweni sekondari, nani atamtunza? Akikua anaweza kufika kilo 10 na kuendelea, na anahitaji sehemu kubwa ya kutembea na kula majani siku nzima. Ukimfungia kwenye banda la kuku na kumlisha pumba na ugali, gamba litakua vibaya na atakufa taratibu. Atachukua miezi mingi, na hutajua lini alianza kufa.

Porini kobe huyu hula majani ya aina nyingi na mimea yenye maji. Tena hutafuna mifupa mikavu, na yale mavi meupe ya fisi, ili apate madini ya kujenga gamba. Nani kati yetu atakwenda kumtafutia mwanawe mavi ya fisi kila wiki?

*Kobe bapa wa kwenye miamba.* Huyu ana gamba jembamba na laini, anajipenyeza kwenye nyufa za mawe. Hapatikani kokote duniani ila Afrika Mashariki na kipande kidogo cha Zambia. Kwa kawaida jike hutaga yai 1 tu kwa mkupuo. Ukichukua kobe 5 kwenye mwamba mmoja, unaweza kuwa umeumaliza mwamba huo. Wakamataji huvunja nyufa kwa mitaimbo, na ufa ukishavunjika hakuna kobe mwingine atakayehamia. Mwaka 2019, kwenye mkutano wa CITES uliofanyika Geneva, aliingizwa kwenye Kiambatisho cha 1, yaani biashara ya kimataifa ya kobe waliokamatwa porini imefungwa. Huyu usimguse kabisa.

*Kinyonga.* Wazee wengi wanamwogopa bure, hana sumu. Lakini ni mgumu kufuga kuliko wote niliowataja. Anakula wadudu walio hai, anakunywa matone ya maji juu ya majani, hataki kushikwashikwa. Mtoto anataka kushika. Hapo unajua nani ataumia.

*Mijusi.* Mjusi kafiri wa ukutani na yule mjusi wa kwenye miamba, dume lenye kichwa cha rangi ya waridi na mwili wa buluu, wanafaa sana. Wanafaa kwa sababu tayari wako nyumbani kwako, wanakula nzi na mbu bure, na hawahitaji kibali cha kuangaliwa. Ukimkamata mkia atauacha mkononi mwako au atakimbia, basi.

*Nyoka.* Hapa sina mjadala. Tuna kifutu, tuna swila anayetema sumu, tuna koboko. Mtoto wa huku afundishwe jambo moja: akiona nyoka asimame, arudi nyuma taratibu, aite mtu mzima. Ukimfundisha kwamba nyoka mdogo ni wa kuchezea, siku atakayokosea kumtambua hutakuwepo. Kama anatamani kuwaona nyoka, siku mkienda Arusha pitia Meserani, pale kuna bustani ya nyoka kando ya barabara kuu. Atawaona nyuma ya kioo, wewe utakunywa soda, mtarudi wote salama.

Kuna suala la afya ambalo halisemwi

Wanyama watambaao hubeba bakteria wa salmonela tumboni bila wao kuumwa. Kobe anaonekana mzima kabisa, lakini kinyesi chake na gamba lake vinaweza kumpa mtoto homa na kuhara vibaya. Walio hatarini zaidi ni watoto wa chini ya miaka 5, wazee, na wenye kinga ndogo ya mwili. Marekani mwaka 1975 walipiga marufuku kuuza kobe wadogo wenye gamba lisilofika takriban sentimita 10, kwa sababu watoto walikuwa wanawaweka mdomoni na kuugua.

Sasa lete hilo nyumbani kwetu. Mtoto anashika kobe, halafu anashika kibuyu cha maziwa, halafu mdogo wake anakunywa. Maji ya kunawa yenyewe wakati wa kiangazi tunayapima. Ndiyo maana nasema hata mtoto akimgusa kobe kwa dakika 1 tu, anawe kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla hajagusa chombo chochote. Na kobe asiingie jikoni, wala asioshwe kwenye beseni la vyombo.

Wale wanaoniambia ni fursa ya biashara

Naandikia vijana wanaolima kwa ajili ya soko, kwa hiyo najua wapo waliosoma mpaka hapa wakisubiri bei. Wengine wameshaambiwa: "Kusanya kobe, mimi nina mteja." Ndugu yangu, jiulize mteja huyo yuko wapi na kwa nini hajitokezi mchana.

Serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje ya nchi mwaka 2016. Juni 2022 lilitoka tangazo la kuwaruhusu wafanyabiashara kuwaondoa wanyama waliobaki mikononi mwao, na ndani ya siku chache likasitishwa. Hao walikuwa wafanyabiashara wenye leseni, wenye mabanda na wanasheria. Wewe unayekusanya kwa gunia unasimama wapi?

Angalia pia yaliyotokea Zanzibar. Kisiwa cha Changuu kina kobe wakubwa wa Aldabra. Walianza kobe 4, zawadi ya gavana Mwingereza wa Shelisheli mwaka 1919, na kufikia 1955 walikuwa kama 200. Kisha watu wakaanza kuwaiba kwa ajili ya nyama na kwa ajili ya watu wa nje wanaotaka kobe wa nyumbani. Mwaka 1988 walibaki kama 100, mwaka 1990 kama 50, mwaka 1996 kobe 7. Hapo ni kisiwani, maji pande zote, na kila mtu anajua wapo! Ilibidi wajengewe eneo lenye uzio ndipo idadi ikapanda tena. Leo wageni wanalipa kiingilio kuwaangalia. Kobe aliye hai mahali pake analeta hela mwaka hadi mwaka. Aliyeuzwa kwenye gunia analeta hela mara moja, na hiyo hela huwa inaenda kwa mtu wa kati.

Kibaya zaidi, wanaotumwa kukusanya ni watoto, maana ndio wanaochunga ndama na mbuzi wadogo na ndio wanaojua kobe walipo. Mtu mzima anampa mtoto elfu 2, mtoto anaona amepata. Kumbe amefundishwa kwamba kitu cha porini kina thamani pale tu kinapoingia kwenye gunia. Mimi hilo ndilo linaniuma kuliko sheria yenyewe.

Basi mtoto apewe nini?

Mpe daftari la kurasa 40 na kalamu. Sitanii. Mpe kazi ya kuwa msimamizi wa kobe wa shamba. Fanya hivi:

1. Kila akimwona kobe, aandike tarehe, saa, mahali na alichokuwa anafanya. Anakula? Majani gani? Anatembea kuelekea wapi?
2. Piga picha ya mgongo kwa simu. Mabaka ya kila kobe ni tofauti, kama ng'ombe zetu. Baada ya miezi michache mtoto atakwambia, "Huyu ni yule wa korongoni." Ampe jina, hilo halina kibali.
3. Asimpake rangi, asitoboe gamba. Gamba ni mwili wake, ni mfupa ulio hai, linasikia maumivu.
4. Asimwinue. Kobe akiinuliwa ghafla hukojoa kwa hofu, na mkojo ule ndio akiba yake ya maji. Wakati wa kiangazi unaweza kumuua kwa kumwinua tu.
5. Akimkuta barabarani kwenye hatari, ambebe chini chini bila kumgeuza, amvushe upande ule ule aliokuwa anaelekea, amwache. Asimhamishie mahali pengine. Kobe anajua eneo lake.

Na kama kobe ameshaletwa nyumbani? Ikiwa ni leo, arudishwe leo hii pale pale alipookotwa. Ikiwa amekaa muda mrefu na hujui alikotoka, usimtupe popote. Mpigie ofisa wanyamapori wa wilaya au mwone mtendaji wa kijiji, eleza ukweli. Kujitokeza mwenyewe ni bora kuliko kukutwa.

Wapo watakaosema, "Lakini mtoto anahitaji mnyama wake wa kumtunza mwenyewe, ajifunze uwajibikaji." Nakubali kabisa. Mpe kuku jike 2, au mwanambuzi. Huyo atamlisha, atamtibu, atahesabu vifaranga, na wewe unajua pa kupata chanjo ya kideri. Uwajibikaji ajifunze kwa mnyama ambaye sisi tunamjua na dawa zake zipo dukani Wasso. Kobe amfundishe kitu kingine: kuangalia bila kuchukua. Mkulima anahitaji yote mawili. Ukaguzi wa viwavijeshi kwenye mahindi ni nini kama siyo kuangalia kwa makini na kuandika?

Na ukiwa kweli na uwezo, eneo na leseni, ukapata kobe aliyezaliwa kwenye shamba halali lenye karatasi, basi mtoto awe amevuka miaka 7 au 8, kobe apate uwanja wenye majani na kivuli, chombo cha maji kisicho na kina, na kibanda kikavu cha kulala, maana Juni na Julai huku baridi si ya kuchezea na mwili wa kobe haujipashi moto wenyewe. Asilishwe nyama, ugali wala pumba. Lakini hapo tunaongelea watu wachache sana.

Na wewe mwenye shamba una kazi yako

Haina maana mtoto aandike daftari huku baba anawaua hao hao kobe bila kujua. Mambo 4 nayaona sana kwa vijana wenzangu:

Uzio wa umeme wa sola. Tunaufunga kuzuia wanyama, ni sawa. Ila waya wa chini ukiwa karibu na ardhi, kobe akiugusa hakimbii, anajikunja ndani ya gamba pale pale, na umeme unaendelea kumpiga mpaka afe. Afrika Kusini watafiti wameliandika sana jambo hili. Pandisha waya wa chini kobe apite chini yake, au waya huo usiwe na umeme.

Moto wa kusafisha shamba. Swala atakimbia, kobe hawezi. Kama ni lazima uchome, na mimi siungi mkono, mtoto na daftari lake wapite kwanza.

Trekta na jembe la ng'ombe. Jike huchimba shimo na kufukia mayai, na mayai yanaweza kukaa ardhini miezi 8 hadi zaidi ya mwaka. Acha ukanda wa mita 3 au 4 pembeni usilimwe. Ukanda huo huo utakushikia udongo na maji ya mvua, hupotezi kitu.

Dawa za wadudu. Mjusi na kinyonga wanakula wadudu uliowapulizia. Pulizia pale tu ukaguzi umeonyesha wadudu wamezidi, siyo kwa sababu jirani amepulizia.

Ndugu zangu, sisi tunaolima Loliondo hatulimi mahali patupu. Tunalima katikati ya wanyama, na watoto wetu ndio watakaoamua kama miaka 30 ijayo bado kutakuwa na kobe wa kuuliziwa. Kobe unayemwona leo kwenye kona ya shamba lako anaweza kuwa hai siku mwanao atakapokuwa anagawana shamba hilo na ndugu zake. Usimtoe pale.

Ukipita ofisini njoo na daftari la mtoto, nitapenda kulisoma. Wiki ijayo tunarudi kwenye viazi: namna ya kuchagua mbegu bila kubeba ugonjwa wa mnyauko. Kazi njema.